Kupima treni mpya ya umeme kabla haijabeba abiria: pa kuanzia, pa kukazania, na hitilafu zinazojificha

Treni mpya ikishushwa bandarini huwa na cheti cha kiwandani, rangi inayong'aa na viti vilivyofunikwa nailoni. Bado haijathibitishwa. Kiwanda kimeipima kwenye reli yake, kwa umeme wake na kwa hali ya hewa ya kwao. Kazi ngumu inayobaki ni kuipima pale inapokutana na vitu ambavyo mtengenezaji hakuvitengeneza yeye: jukwaa, waya wa juu, mfumo wa ishara, macho ya dereva, na abiria wa saa kumi na mbili asubuhi. Ukichunguza hitilafu kubwa za treni mpya duniani, nyingi hazikutokana na mota kuungua wala behewa kuvunjika. Zilitokea kwenye makutano hayo.

Mwongozo huu ni wa treni za EMU, yaani zile zenye mota chini ya mabehewa badala ya kichwa kimoja kinachovuta, zinazotumia volti 25,000 kwa hezi 50 kwenye reli ya upana wa milimita 1,435 (SGR). Ndiyo aina ambayo Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilinunua kwa Hyundai Rotem: seti kumi za mabehewa manane, kasi ya juu kilomita 160 kwa saa, zile ambazo watu wamezibatiza Mchongoko. Seti ya kwanza ilifika Aprili 2024, na treni hizo zikaanza kubeba abiria Novemba 1 mwaka huohuo. Miezi ya katikati ndiyo ya kazi tunayoieleza hapa. Kwa treni za mjini za diseli, ruka sehemu ya umeme wa juu. Mengine yote ni yaleyale.

Siku za kwanza baada ya meli

Usiwashe kitu. Safari ya baharini inafanya mambo matatu kwa treni: inaleta chumvi, inamaliza betri, na inatikisa beringi zikiwa zimesimama palepale. Hili la tatu husahaulika. Beringi isiyozunguka ikitikiswa kwa wiki kadhaa, roli zake huacha alama kwenye njia zake, na alama hizo huja kugeuka kelele na joto baada ya kilomita elfu kadhaa. Kwa hiyo andika namba ya kila ekseli na ilivyosafirishwa, uwe na pa kurejea siku moja ikianza kupata moto.

Osha sehemu ya chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi na yasiyo na presha kali, huku visanduku vya umeme vikiwa vimefungwa. Kisha fungua kila kisanduku kimoja baada ya kingine, utazame mpira wa kuziba maji. Mpira uliobanwa vibaya unaonekana kwa macho: una mkunjo kwenye kona. Betri ziache zichajiwe taratibu kabla ya kuunganishwa na kompyuta za treni. Mfumo wa volti 110 kwa kawaida unatakiwa ufanye kazi kati ya volti 77 na 137.5, ukiwasha kompyuta kwa betri iliyo chini ya hapo, utapata orodha ndefu ya hitilafu ambazo si hitilafu, na utapoteza siku nzima kuzifuta.

Pima magurudumu sasa hivi, wala usisubiri matengenezo ya kwanza. Kipimo muhimu ni umbali kati ya nyuso za ndani za magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa reli ya milimita 1,435, treni nyingi za viwango vya Ulaya zina milimita 1,360 hivi, na ruhusa ya milimita 3 juu au chini. Fuata mchoro wa mtengenezaji wako. Pima sehemu tatu kuzunguka gurudumu, andika zote tatu, na chora mstari wa rangi kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye ekseli. Mstari ukikatika, gurudumu limesogea. Kwenye reli za mjini za Washington, Oktoba 12, 2021, treni ya mfululizo wa 7000 iliacha reli karibu na kituo cha Arlington Cemetery kwa sababu magurudumu ya ekseli moja yalikuwa yamesogea nje. Mabehewa yote 748 ya mfululizo huo yaliondolewa kazini. Ukaguzi ulikuwa umeshakamata ekseli za namna hiyo tangu 2017. Kipimo kilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuzipanga namba za treni zote pamoja na kuuliza kwa nini zinasogea. Tengeneza jedwali moja la magurudumu yote, na mtu mmoja alisome kila mwezi.

Vipimo vya treni ikiwa imesimama

Anza na kuungana kwa behewa na ardhi (earthing). Bodi ya behewa inatakiwa iwe imeungana na reli kupitia magurudumu kwa ukinzani mdogo sana. Viwango vya Ulaya vinataka usizidi ohm 0.05 kwa behewa la abiria. Ukipata kubwa zaidi, tafuta waya wa shaba ulioachwa bila kukazwa, au rangi iliyopakwa pale ambapo chuma kilitakiwa kubaki wazi. Rangi ndiyo sababu ya mara kwa mara. Baada ya hapo pima insulesheni ya kila saketi kwa mega, yaani kipimo cha insulesheni kinachotumia volti kubwa, huku kompyuta zikiwa zimechomolewa, kisha urudie kipimo hichohicho asubuhi yenye umande. Kwenye pwani yenye unyevu, tofauti kati ya kipimo cha mchana na cha alfajiri inakueleza kisanduku gani kinaingiza unyevunyevu.

Upepo unafuata. Kompresa ijaze matangi mpaka presha ya kazi, mara nyingi baa 8 hadi 10, kisha izimwe na presha iangaliwe kwa muda uliotajwa kwenye mkataba. Ikishuka kupita kiasi, chukua maji ya sabuni na brashi, upake viungio kimoja kimoja. Usiridhike kwa sababu seti nzima imefaulu kwa jumla: kiungio kimoja kinachovuja sana kinaweza kufichwa na vingine saba vizuri. Pima behewa kwa behewa.

Kisha mzigo. Behewa lenye viti 60 na watu 140 waliosimama lina watu 200. Kwa kilo 70 kila mtu, ni tani 14, sawa na viroba 280 vya mchanga vya kilo 50. Ni kazi ya vibarua na jasho, na wapo watakaokushauri utumie hesabu za kompyuta badala yake. Usikubali. Viroba vinakuonyesha mambo matatu ambayo hesabu haioneshi: behewa linashuka kiasi gani, milango inabaki wapi, na breki zinajua kwamba mzigo umeongezeka au la. Panga viroba kama watu wanavyosimama, vingi zaidi karibu na milango.

Mzigo ukiwa ndani, inua gurudumu moja kwa vipande vya chuma, ukiiga reli iliyopinda au kuzama upande mmoja, na upime uzito uliobaki kwenye kila gurudumu. Kanuni ya Ulaya ni kwamba gurudumu lisipoteze zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake wa kawaida. Rudia kipimo mfuko wa hewa wa springi ukiwa umetolewa upepo, maana siku mfuko utakapopasuka treni itapaswa kufika stesheni hivyohivyo.

Jukwaa

Mei 2014 ilijulikana hadharani kwamba shirika la reli la Ufaransa, SNCF, lilikuwa limeagiza treni za mikoani pana kuliko nafasi iliyopo kwenye majukwaa mengi ya zamani. Vipimo vilivyotolewa vilihusu majukwaa yaliyojengwa katika miaka 30 ya karibuni. Ya zamani hayakuhesabiwa. Majukwaa yapatayo 1,300 yakalazimika kuchongwa, kwa gharama ya euro milioni 50. Hakuna fundi aliyekosea kukaza bolti. Michoro haikulinganishwa na ardhi.

Kwa hiyo mchoro wa jukwaa usiuamini, nenda na futi. Kila mita tano ya jukwaa pima umbali wa ukingo kutoka katikati ya reli na kimo chake kutoka juu ya reli. Kisha hesabu kimo cha sakafu ya treni katika hali tatu: gurudumu jipya na behewa tupu, gurudumu lililochakaa na behewa lililojaa, mfuko wa hewa ulioisha upepo. Gurudumu likipungua kipenyo kwa milimita 80 katika maisha yake, sakafu inashuka 40, na hapo bado hujaweka abiria.

Kwenye kona, katikati ya behewa huingia upande wa ndani. Hesabu ni rahisi: zidisha umbali wa kati ya boji mbili (fremu za magurudumu zinazobeba behewa) kwa wenyewe, gawa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona. Boji zikiwa na mita 17 kati yake na kona ikiwa ya mita 400, ni 289 gawa kwa 3,200, yaani milimita 90. Ncha za behewa nazo hutoka nje upande wa pili. Ongeza kuyumba kwa springi juu ya hapo. Baada ya hesabu, gundisha vipande vya povu gumu kwenye ubavu wa behewa, vyenye unene wa nafasi ya chini inayoruhusiwa, na upitishe treni kwa kilomita 5 kwa saa huku watu wawili wakitembea jukwaani. Povu likikwaruzwa, unajua ni wapi hasa. Rudia kwa kasi ya kilomita 20 na 40, maana kuyumba huongezeka.

Milango

Hapa kaa kwa muda mrefu kuliko kwingine kokote. Kwa treni za mjini, milango ni kati ya vyanzo vikuu vya ucheleweshaji, na sababu yake ni hesabu tu. Mabehewa manane yenye milango minne kila upande ni milango 32 kwa upande mmoja. Safari kumi kwa siku zenye vituo 20 kila moja ni mifunguo 200 kwa kila mlango, 6,400 kwa treni. Mlango unaoharibika mara moja tu katika mifunguo 100,000 unaonekana mzuri mno kwenye karatasi, lakini treni hiyo itasumbuliwa kila baada ya siku 16 hivi, na kundi la treni kumi kila baada ya siku moja na nusu.

Mlango una swichi ndogo inayoiambia treni kwamba umefunga na kujifungia. Swichi zote za upande mmoja zimeunganishwa mfululizo; moja ikifunguka, mota hazipati ruhusa ya kuvuta na treni haiondoki. Sasa tazama kinachotokea kiwandani. Fundi anarekebisha mlango behewa likiwa tupu, limenyooka, kwenye sakafu ya karakana. Kijisahani kinachobonyeza swichi kinaachiwa milimita moja au mbili za ziada. Behewa linaingia kazini, watu 200 wanapanda, sakafu inajipinda kidogo katikati, fremu ya mlango inavutika, ile milimita inakwisha. Treni inagoma stesheni yenye watu wengi kuliko zote, saa mbaya kuliko zote. Abiria wanashuka, behewa linarudi kunyooka, swichi inakaa sawa. Fundi anafika na kuandika kwamba mlango ni mzima. Hiyo ndiyo sababu ya vile viroba 280: rekebisha na upime milango mzigo ukiwa ndani, kisha upime tena tupu, na uache nafasi ya ziada inayotosha hali zote mbili.

Jaribu vizuizi vya aina tatu kwa kila mlango, juu, katikati na chini. Kwanza kipande kigumu cha milimita 30 kwa 60; mlango lazima ukitambue na ufunguke. Pili kitu chembamba na laini, kama mkanda wa mkoba au upindo wa khanga. Vitambuzi vingi haviwezi kuona kitu chembamba hivyo, basi kipimo chako kiwe kama kitambaa kinaweza kuvutwa kikatoka kwa nguvu ya mtoto. Tatu mkono wa mtu mzima anayeuzuia mlango usifunge. Mlango ufanye nini baada ya jaribio la tatu? Ujifunge kwa nguvu zaidi, ubaki wazi, au umwite dereva? Jibu liandikwe na liamuliwe na mwendeshaji, lisiachwe kwa mtunga programu. California, Novemba 2017, treni mpya za BART, reli ya mjini ya eneo la San Francisco, zilikwama kwenye ukaguzi wa mdhibiti kwa sababu ya tatizo la mlango. Ziliruhusiwa kubeba abiria Januari 2018 baada ya kurekebishwa.

Breki

Umbali wa kusimama huhesabiwa kwa kuchukua kasi kwa mita kwa sekunde, kuizidisha kwa yenyewe, na kuigawa kwa mara mbili ya nguvu ya kupunguza mwendo. Kilomita 160 kwa saa ni mita 44.4 kwa sekunde; kwa kupunguza mita 1 kwa sekunde kila sekunde, treni inasimama ndani ya mita 988. Ongeza sekunde moja na nusu ya breki kushika, mita 67. Kwa kilomita 80 ni mita 247 tu kabla ya nyongeza hiyo, yaani robo. Ndiyo maana ukijaribu kwa kasi ndogo tu ukaridhika, hujajaribu kitu.

Panda ngazi: 40, 80, 120, 140, 160, na 176 ikiwa mkataba na njia vinaruhusu asilimia 10 ya ziada. Kila kasi mara tatu, tupu na kwa mzigo kamili, kwenye njia iliyonyooka na yenye mwinuko unaojulikana ili uurekebishe kwenye hesabu. Jaribu breki ya upepo peke yake, breki ya umeme ikiwa imezimwa. Mafundi wengi hufurahia breki mbili zikifanya kazi pamoja na kuahirisha hili, na siku waya wa juu ukikosa umeme breki ya upepo ndiyo itakayobaki.

Kisha ufanye reli iteleze. Nyunyiza maji yenye sabuni mbele ya gurudumu la kwanza na ufunge breki ya dharura. Mfumo wa kuzuia kuteleza unatakiwa uachie na kushika haraka bila gurudumu kusimama kabisa. Gurudumu likisimama huku treni inakwenda, hupata bapa, na utalisikia likigonga kuanzia siku hiyo mpaka lichongwe. Kwa Afrika Mashariki hali halisi ya kuteleza ni manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi, vumbi linapogeuka utelezi juu ya reli. Mvua kubwa huosha reli. Manyunyu ndiyo yanayoteleza. Ukibahatika kuwa kwenye majaribio siku hiyo, tumia nafasi.

Umeme wa juu

Pantografu, yaani mkono wa juu ya paa unaogusa waya, ipimwe kwa mizani ya springi: inapanda na kushuka kwa nguvu ya nyutoni 70 hivi katika mfumo wa volti 25,000. Ikisukuma sana inakula waya. Ikisukuma kidogo inaruka na kutoa cheche. Weka kamera juu ya paa na uhesabu cheche kwa kila kilomita, usiku zinaonekana vizuri.

Volti kwenye waya haikai 25,000. Kiwango kinaruhusu 19,000 hadi 27,500 kwa kudumu, na kwa muda mfupi 17,500 hadi 29,000. Panga treni tatu au nne ziondoke kwa pamoja mwisho kabisa wa eneo linalolishwa na kituo kimoja cha umeme, na uangalie kama zinapunguza nguvu taratibu volti inaposhuka au zinajizima ghafla. Fanya hivyo kwa treni nyingi kwa makusudi. Zürich mwaka 1995 vichwa vya kisasa kadhaa vilijizima kwa sababu vifaa vyake vya kubadilisha umeme viligongana kwenye mtandao mmoja. Kila kimoja peke yake kilikuwa kizima.

Umeme wa gridi nao huyumba hezi. Agosti 9, 2019, gridi ya Uingereza ilishuka hadi hezi 48.8. Treni zipatazo 60 za aina ya Class 700 na 717 zinazohudumia London zilijizima zilipoona chini ya 49. Karibu nusu yake dereva hakuweza kuziwasha tena: programu mpya ilikuwa imeondoa njia ya dereva kuweka upya, na ilibidi fundi aende na kompyuta treni kwa treni huku watu wamekaa ndani. Swali la kuandika kwenye karatasi yako ya majaribio ni hili: kwa kila hali inayozima treni, ni nani anayeweza kuiwasha, kwa hatua ngapi, akiwa amekaa wapi? Mwagize dereva afanye mwenyewe, bila mhandisi wa kiwanda kumsimamia begani.

Kukatika umeme kabisa ni jambo la kutegemea. Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache baada ya treni za SGR kuanza kwenda Dodoma, TRC ilieleza kwamba ngedere na bundi walisababisha hitilafu kwenye miundombinu ya umeme na treni ikasimama. Wanyama wataendelea kuwepo. Kinachopimwa kwenye treni ni kitakachotokea ndani: zima umeme wa juu adhuhuri, watu wa majaribio wakiwa ndani na milango imefungwa, upime joto kila dakika tano. Taa za dharura zinapaswa kuwaka dakika 90 kwa viwango vya Ulaya, lakini hewa ndiyo inayowaangusha watu kwanza. Andika dakika ambayo madirisha au milango lazima ifunguliwe, na namba hiyo iingie kwenye kitabu cha dereva. Umeme ukirudi, hesabu muda mpaka treni iko tayari kuondoka; pia angalia kama viyoyozi vyote vinawaka kwa pamoja na kuangusha mfumo tena.

Ishara na macho ya dereva

Kwenye ETCS ngazi ya 2, mfumo wa Ulaya wa kudhibiti mwendo wa treni, ambao ndio wa SGR ya Tanzania, kompyuta ya treni hujua ilipo kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu na kujisahihisha kila ipitapo juu ya kitambuzi kilichofungwa katikati ya reli. Hesabu hiyo inategemea kipenyo cha gurudumu kilichoingizwa na mtu. Gurudumu la milimita 860 likifungwa huku kompyuta ikiamini ni 800, kioo kitaonyesha 160 na treni itakuwa inakwenda 172. Fanya kosa hili kwa makusudi katika majaribio, kwa kasi ndogo, uone kama mfumo unaligundua wenyewe. Usipoligundua, uingizaji wa kipenyo uwe na sahihi za watu wawili.

Pitisha treni pia juu ya kila aina ya kihesabu ekseli kilichopo njiani, mota zikivuta kwa nguvu zote na zikifunga breki ya umeme kwa nguvu zote. Sumaku ya mota inaweza kukifanya kihesabu kione ekseli isiyokuwepo, na njia ikabaki inasoma imekaliwa hali ni tupu.

Jambo la macho halihitaji kifaa chochote. Treni za Class 385 za Scotland zilichelewa kuanza kazi 2018 kwa sababu kioo cha mbele kilichojipinda kilimfanya dereva aone taa za ishara zikijirudia usiku, asijue ipi ni ya njia yake. Vioo vikabadilishwa. Hili lingeonekana mapema dereva angekalishwa ndani ya kibanda cha mfano, gizani, taa nyekundu na ya kijani zikiwa mbele. Leteni madereva warefu na wafupi, wake kwa waume, wenye miwani na wasio nayo, usiku na jua la saa kumi na mbili likiwapiga usoni, na wasikilizwe kabla agizo halijafungwa.

Hitilafu inayopotea fundi akifika

Andiko baya kuliko yote kwenye daftari la kasoro ni «imekaguliwa, haikuonekana». Likiandikwa mara mbili kwa kifaa kilekile, lifungue upya kama hitilafu ya daraja la juu.

Kabla ya kubadilisha kifaa, hakikisha saa zote za treni zinakubaliana. Kumbukumbu ya milango, ya breki, ya mota na ya kamera mara nyingi zina saa tofauti kwa dakika kadhaa. Ukizisoma hivyo utamlaumu asiyehusika. Kisha uliza ilikuwa wapi, si lini tu. Hitilafu inayotokea mahali pamoja kwa treni tofauti ni ya njia. Inayotokea kwa treni moja mahali popote ni ya treni. Inayotokea kwa treni zote baada ya tarehe fulani ni ya programu mpya, angalia toleo.

Ikiwa ni ya treni moja na inakuja na kuondoka, nenda kwenye viunganishi kati ya behewa na behewa. Fungua plagi, mulika tochi, tazama pini zilivyopangwa. Moja ikiwa imerudi nyuma kwa milimita moja kuliko wenzake, umeipata: haikusukumwa mpaka ikabana, inagusa treni ikinyooka na kuachia kwenye kona. Hata kama zote ziko sawa kwa macho, vuta kila waya taratibu kwa vidole. Waya ulioshikwa vizuri hautoki. Kubadilisha kompyuta kwa sababu ya pini ni gharama kubwa, na mbaya zaidi, kitendo cha kuchomoa na kuchomeka plagi kinaifanya pini iguse kwa wiki mbili, kila mtu aamini kompyuta ndiyo ilikuwa mbovu.

Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na hitilafu ikaisha, hujui kilichoiponya.

Treni iliyokufa

Chukua seti mbili. Moja zima kabisa, bila umeme wala upepo, kwenye mwinuko mkali kuliko yote ya njia. Nyingine ije, iunganishwe, ilegeze breki za ile mbovu na kuisukuma. Pima muda tangu simu ya kwanza mpaka magurudumu yazunguke. Rudia kwa kichwa cha treni badala ya seti, maana kiungio cha EMU na cha kichwa huwa tofauti na huhitaji adapta. Adapta hiyo ni chuma kizito: inakaa wapi, na wanaoibeba usiku kwenye kokoto ni wangapi? Ikiwa imebaki karakana, huna adapta.

Mwendo bila abiria, na tarehe ya uzinduzi

Mwishoni treni iendeshwe kwa ratiba kamili, vituo vyote, milango ikifunguliwa, bila abiria. Weka kilomita za kutimiza bila hitilafu ya kuichelewesha, kwa mfano 5,000 kwa kila seti, na hitilafu ikitokea hesabu irudi sifuri kwa seti hiyo. Mtengenezaji atapinga hili sifuri. Liandikwe kwenye mkataba kabla ya saini. Kila jioni shika beringi zote kwa kipimajoto cha miale: linganisha kushoto na kulia za ekseli ileile, na ile inayowazidi wenzake kwa nyuzi 20 iandikwe na ifuatiliwe, hata kama bado iko chini ya kikomo cha kengele.

Tarehe ikikaribia, orodha ya kasoro huanza kugawanywa kati ya «lazima» na «baadaye». Kwa maoni yetu mgawanyo huo ufanyike mwanzoni kabisa, wakati hakuna anayebanwa. Yafuatayo hayaendi «baadaye» kwa hali yoyote: breki, kufunga milango, kipenyo cha magurudumu kwenye kompyuta, kutoka kwa dharura, na uwezo wa dereva kuiwasha treni mwenyewe. Kiti kinacholia, tangazo la sauti lisilosikika vizuri na kiyoyozi kimoja kati ya viwili vya behewa vinaweza kusubiri, kila kimoja kikiwa na tarehe na jina la mwenye kazi. Anayetia sahihi asiwe yule anayesimamia ratiba ya uzinduzi.

Baada ya miezi mitatu ya abiria, rudisha kila seti karakana ukaze upya bolti za boji kwa spana ya kipimo, upime magurudumu, na upime milango kwa viroba vilevile. Vitunzeni viroba.